Makoleo Matatu ya Fundi Taratibu

Kisu cha Mama Pacha kilikuwa kimoja, na umoja huo aliutangaza kama cheo. Kilikata vitunguu, kilifungua kopo la maziwa, kilikwangua ukoko wa sufuria, kilichonga penseli za pacha kabla hawajaenda shule, na siku mlango ulipogoma ndicho kilichousukuma ulimi wa kitasa. Nusu ya mpini wake ilikuwa imekwisha zamani, na nusu iliyobaki ilivishwa kitambaa. Kwa hiyo tangu siku aliyoolewa hakuwahi kuelewa kwa nini mume wake awe na makoleo matatu.

"Mtu mmoja, mikono miwili, makoleo matatu," alikuwa akisema. "Hilo la tatu unalishikia wapi?"

Mumewe alikuwa fundi umeme, na mtaa mzima ulimwita Fundi Taratibu. Jina hilo hawakumsingizia. Alikula taratibu, alivaa viatu taratibu, na ukimsimulia kichekesho leo, kesho yake ungemsikia akikicheka peke yake, maana ndiyo kwanza kimemfikia. Swali la mkewe alikuwa amelijibu mara nyingi, akiyatoa makoleo mkobani moja moja na kuyalaza mezani kama mtu anayelaza watoto. Hili kubwa, alieleza, ni la kushikia. Taya zake mbele ni bapa, na hapa katikati zimechongwa mviringo wenye meno, ili kitu cha duara kisiteleze. Hili la mdomo mrefu ni la kuingia kwenye kiboksi cha ukutani, ambako kidole hakifiki, na kuukunja waya ukae vizuri chini ya skrubu. Na hili la kukatia... Hapo Mama Pacha alikuwa ameshalala. Katika ndoa yao yote hakuwahi kulifikia koleo la tatu akiwa macho.

Sasa kazi zilikuwa zimemkauka Fundi Taratibu. Watu walimwita kurekebisha pasi na kubadilisha swichi, kazi za kulipwa shukrani na kikombe cha chai. Ndipo ikasikika kwamba hoteli mpya inayojengwa karibu na soko inatafuta fundi wa kufunga nyaya za ghorofa zote, kazi ya miezi na miezi, na kwamba Msimamizi wa pale haulizi cheti. Anauliza vifaa. Alikuwa amedanganywa sana na mafundi wanaoazima vifaa vya wenzao, wanafanya kazi siku moja, siku ya pili mwenye vifaa anavifuata na kazi inalala. Tangu hapo alikuwa na desturi ya kumfuata mtu mpaka nyumbani kwake, aone hivyo vifaa vinaishi wapi.

Zamu ya Fundi Taratibu ilikuwa alasiri ile. Aliondoka mapema kwenda kumngoja Msimamizi langoni ili waongozane, akauacha mkoba juu ya meza, akamwomba mkewe jambo moja tu: asiuguse.

Mama Pacha hakuugusa. Alifagia, akapiga deki, akafunika kochi kwa kitambaa pale lilipochanika, akaazima vikombe viwili vinavyofanana. Halafu akaona mkoba una vumbi. Akaufuta. Na mtu akifuta nje, ndani je?

Aliyatoa makoleo, na kwa mara ya kwanza akayatazama kwa macho ya mgeni. Mipini iliyokuwa myekundu zamani ilikuwa imefifia kama ulimi wa mgonjwa. Karibu na taya, kila mpini ulikuwa na kinundu cha ajabu, kama chunjua. Na lile la kukatia lilikuwa na pengo katikati ya makali, tundu la mviringo, kama panya kalila. Akilini alimwona Msimamizi ameketi pale kwenye kochi, kashika koleo lenye pengo, akimtazama mume wake kwa huruma. Halafu akamwona akiaga.

Wakati huohuo sauti ya Badili-Badili ikasikika barabarani.

Badili-Badili alikuwa mchuuzi asiyetaka fedha. Alisukuma mkokoteni uliojaa mabeseni, vikombe na vifaa vinavyong'aa, akachukua kikuukuu na kutoa kipya, na kila aliyebadilishana naye aliingia ndani akicheka, mpaka alipokitumia alichopewa. Mama Pacha alimsimamisha, akamwonyesha makoleo. Mchuuzi akayapima mkononi, akaguna, akaguna tena, kisha akainama kwenye mkokoteni na kuibuka na koleo moja jipya, jekundu la kuumiza macho, laini mwili mzima, halina chunjua wala pengo.

"Hili, mama, linaitwa Kazi Zote," alisema. "Linabana, linakata, linamenya waya, linagonga msumari, na huku kwenye mpini unafungulia soda. Fundi wa siku hizi hatembei na ukoo mzima wa makoleo."

Mama Pacha karibu amkumbatie. Miaka yote alikuwa akilisema hilohilo na hakuna aliyemsikiliza. Aliuliza haya matatu yatakuwaje. Badili-Badili akamwambia, kwa sauti ya mtu anayejitolea kuzika maiti isiyo na ndugu, kwamba atamsaidia kumwondolea.

Mama Pacha akaingia ndani akicheka. Akalilaza Kazi Zote katikati ya mkoba, peke yake, kama bwana harusi.

Kilichomponza ni taulo. Alitaka kutundika moja karibu na ndoo ya kunawia, mgeni asije akajifutia mapazia, na taulo likataka kipande cha waya. Akachukua hanga la nguo, akachukua Kazi Zote, akabana. Waya haukukatika. Alipolitazama koleo, makali ndiyo yaliyobonyea.

Labda hili si la kukata sana, alijiambia. Akakumbuka kuna kibanio cha nywele kilichokwama ndani ya kitasa tangu pacha wajifungie chooni, akataka kukivuta. Pua ya Kazi Zote ilikuwa nene, pua ya mtu aliyeshiba, ikafika kwenye tundu ikasimama mlangoni. Akarudi kwenye hanga kwa hasira, akabana kwa mikono miwili. Mpira mwekundu wa mpini ukavuka kama soksi, ukambakia kiganjani, na vidole vyake vikajikuta vimeshika chuma kitupu.

Akaitazama ile soksi ya mpira. Akilini akamwona mume wake juu ya ngazi, taratibu kama kawaida yake, kashika waya ambao umeme wake haujui kwamba yeye ni mtu wa taratibu. Ndipo alipozielewa zile chunjua. Ziliwekwa pale kuuzuia mkono usiteleze ukaenda kwenye chuma. Aibu ya mkoba mchakavu ikamtoka yote, mahali pake ikaingia hofu, na nyuma ya hofu saa ya ukutani ikawa inagonga kwa kelele ambazo hajawahi kuzisikia.

Alimkuta Badili-Badili kwenye kona, ameegemea mkokoteni anakula karanga. Alikuwa ameshayabadilisha yote matatu, na alijisifu kwa hilo. Lenye mdomo mrefu lilikwenda kwa msusi. Lenye pengo lilikwenda kwa Mzee Karani, yule mstaafu. Na lile kubwa lilichukuliwa na mama mwenye bomba la maji.

Mama Pacha akafumba macho. Mama mwenye bomba la maji alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa Fundi Taratibu, na hawakuwa wakisemezana.

Alimsihi mchuuzi alichukue tena Kazi Zote na kuyafuata makoleo. Badili-Badili akaugusa mpira uliovuka kwa ncha ya kidole, akasema hajawahi kuona mtu mwenye mkono mzito kama huu, na kwamba koleo hili alilitoa likiwa limevaa.

*

Msusi alikuwa barazani kwake na mteja aliyesukwa nusu kichwa. Koleo la mdomo mrefu lilikuwa kazini. Mdomo wake mwembamba uliingia kati ya misuko miwili iliyobanana, ukadaka ncha ya nywele iliyopotea ndani, ukaivuta nje bila kuivuruga mingine. Mama Pacha alisimama akitazama, na masomo yote aliyoyasinzia yakamrudia pale barazani. Mdomo ule haukurefushwa kwa urembo. Vidole vya msusi, vyembamba kuliko vya watu wote mtaani, visingefika pale.

Alieleza shida yake. Msusi akamsikiliza mpaka mwisho, akaendelea kusuka.

"Nitakupa," alisema. "Vua kilemba kwanza."

"Kilemba kina nini?"

"Kina kichwa ndani. Nataka kukiona."

Mama Pacha alijua anachotafutiwa. Mwezi uliopita alikuwa amekwenda kusukwa mtaa wa juu, kwa msusi mwingine, na tangu hapo alikuwa akipita baraza hii amejifunga kilemba mpaka kwenye nyusi. Akatazama jua. Akavua.

Msusi akamzunguka. Mteja naye, nusu kichwa chake kikiwa bado kimesimama kama ufagio, akainuka kitini akaja kutazama, akasema mistari hii ilichorwa na mtu aliyekuwa akisukumwa. Msusi hakusema neno la ubaya. Alipapasa msuko mmoja tu, kwa upole, kama anayempapasa mtoto aliyeangukia mikono mibaya, akauliza kama ulimuuma. Mama Pacha akakiri kwamba ulimuuma. Msusi akauliza kama amejifunza. Mama Pacha akakiri kwamba amejifunza.

"Chukua koleo lako," alisema msusi. "Na Jumamosi uje mapema. Hiyo si ya kufumuliwa, ni ya kufukuliwa."

*

Mzee Karani alikuwa amekaa mbele ya mlango wake, mguu mmoja juu ya kreti, anapambana na ukucha wa kidole gumba. Alimpokea Mama Pacha kama mtu aliyekuwa akingoja mahali pa kupeleka malalamiko. Koleo hili, alisema, limempa hasara. Kila akikata, katikati ya ukucha kunabaki kipembe.

Ilikuwa kweli. Pale lilipopita pengo, ukucha ulikuwa umesalimika, ukasimama peke yake kama mnara.

"Hili liling'ata kitu kibaya," alisema mzee.

Mama Pacha akamsimulia. Yeye na mumewe walipokuwa maharusi wapya, wifi yake alimwita mdogo wake amwondolee waya mmoja sebuleni. Fundi Taratibu akapanda kwenye kiti, akauliza, "Dada, umezima?" Dada, ambaye alikuwa dirishani anazungumza na jirani, akajibu, "Nimezima." Alichozima ni redio. Koleo lilipobana, moto ukaruka, sebule ikanuka, na Fundi Taratibu akashuka kwenye kiti haraka kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika maisha yake. Mipini minene ndiyo iliyomwokoa. Makali yakabaki na pengo. Baadaye akagundua kwamba waya ukikaa ndani ya lile pengo, koleo linalikata ganda peke yake na shaba ndani haiguswi, akalipenda pengo kuliko makali yenyewe.

Alipomaliza kusimulia akashangaa. Kumbe alikuwa anajua koleo la tatu. Lazima aliwahi kulisikia usingizini.

Mzee Karani alisema hadithi ni nzuri na koleo atampa, ila yeye mgongo haukunjiki, na mwanawe wa kumkata kucha yuko mbali. Akautingisha mguu juu ya kreti. Hakuomba wala hakuamuru. Aliuacha tu mguu pale.

Basi mke wa fundi akapiga magoti barazani, watu wakipita na kumsalimu, akakata kucha za Mzee Karani. Mwanzoni alikata vibaya. Akaligeuza koleo, akaona kwamba upande mmoja taya zake ni bapa kabisa na upande wa pili zimeinama. Ukilalisha ule ubapa juu ya nyama, ukucha unaondoka wote. Ukiligeuza, unaacha kisiki. Akalikwepa pengo, akalilalisha vizuri, na vipande vikaanza kuruka mpaka uwani kwa jirani. Kipande kimoja kilimgonga kuku, akaondoka kwa hasira.

"Mkono wako mwepesi, mwanangu," alisema mzee, akifurahia. "Sasa mguu wa pili."

*

Kwa wifi yake alikuta foleni ya ndoo. Bomba la uani lilikuwa limevunjika mkono wa kufungulia zamani, kikabaki kijiti cha duara cha chuma, na koleo kubwa lilikuwa limekibana kijiti hicho sawasawa kwenye ule mviringo wenye meno. Wifi aliketi kwenye kigoda kando yake, mkono mmoja juu ya mipini, kama dereva. Akilizungusha huku maji yanatoka, akilizungusha kule yanakatika.

Alimwona Mama Pacha akija, na hakujisumbua kuficha furaha.

"Nililiona tu nikalijua ni la mdogo wangu," alisema. "Nikamwambia yule mchuuzi, lete hilo hapa. Mwenyewe atalifuata."

Mama Pacha akamsalimu kwa heshima zote, na wifi akaipokea salamu kama anayehesabu chenji. Kisha akasema, bila kumtazama, kwamba kuna maneno yaliyomfikia. Yalimfikia kutoka kwa watu watatu tofauti. Kwamba maji ya bomba hili yana harufu ya kutu.

"Sikusema maji yana harufu, wifi. Nilisema bomba ndilo lenye kutu."

"Na maji yanapitia wapi, puani kwangu?"

Foleni ikasogea karibu. Hakuna tena aliyekuwa na haraka ya maji. Wifi akachukua kikombe, akakijaza, akampa. Mama Pacha akanywa chote, mbele ya ndoo zote, na maji kweli yalikuwa na harufu ya kutu.

"Matamu," alisema.

"Wa nyuma hawakusikia."

"Matamu."

"Kama nini?"

Mama Pacha akafikiri. Alikuwa amevuliwa kilemba, amekata kucha za mtu mzima hadharani, na jua lilikuwa limeshapinda upande wa alasiri. Lakini mtu ana mahali anapogota.

"Kama maji, wifi."

Foleni ikacheka, na wifi mwenyewe, kabla hajajizuia, akacheka nayo. Akasema basi, achukue koleo la mume wake, yeye hakuwa na nia ya kumzuilia mdogo wake riziki, alitaka tu heshima yake. Ila bomba atalifungulia na nini?

Hapo ndipo Mama Pacha alipokosea mara ya pili katika siku moja. Alikuwa bado na Kazi Zote, kalibeba akitumaini kumrudishia mchuuzi, na mpira wake alikuwa ameuvisha tena ukakaa vizuri. Akalitoa. Likang'aa. Wifi akalipenda palepale.

Wakabadilishana. Wifi akalibana Kazi Zote kwenye kijiti, akazungusha. Likateleza. Akabana kwa nguvu zaidi, likakikwangua kijiti. Akasimama, akaweka mwili mzima, naye hakuwa mwanamke mdogo. Taya moja ikakatika ikaruka juu ya ukuta, kijiti kikang'oka kwenye bomba, na maji yakapanda juu kama yameitwa.

Watu walikimbia na ndoo zao, kisha wakakumbuka kwamba maji yale hayana mtu wa kuyalipisha, wakarudi nazo. Wifi alilikalia bomba, likamwinua. Mama Pacha akaweka kiganja, maji yakapita kati ya vidole yakamwingia kwenye mikono ya gauni yakatokea shingoni.

Na hapo, kupitia lango la uani, wakaingia Fundi Taratibu na mgeni wake. Walikuwa wakielekea nyumbani, wakasikia kelele kwa dada. Msimamizi alikuwa na viatu vya ngozi. Alivitazama vikiloa, halafu akamtazama mwanamke aliyeloa chapachapa, kichwa wazi, mistari imepinda, makoleo mawili yamechomekwa kiunoni na la tatu kwenye meno.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

Fundi Taratibu alichukua muda kujibu. "Mke wangu," alisema hatimaye, na akasogelea bomba kwa mwendo wake uleule. "Dada, umezima kule kwenye mita ya maji?"

"Nimezima," alisema dada yake kutoka kwenye maji.

Fundi Taratibu akamtazama kama mtu anavyomtazama mbwa aliyewahi kumng'ata. Akageuka, akapita katikati ya ndoo zote, akaenda mpaka kwenye mita nyuma ya nyumba. Haikuwa imezimwa. Akaizima. Maji yakashuka, na ukasikika ukimya wa watu wengi kwa pamoja wakigundua jambo ambalo yeyote kati yao angeweza kulifanya.

Akarudi, akachuchumaa, akachungulia ndani ya bomba. Mpira wa kuzuia maji ulikuwa umekatika na kukwama chini. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kama alivyozoea kuunyoosha kuelekea mkoba. Mkoba haukuwepo. Mama Pacha akaweka koleo la mdomo mrefu kwenye kiganja. Mpira ukatoka. Akachukua kipande cha mpira wa baiskeli kutoka mfukoni, akakipachika, akarudisha kijiti, akanyoosha mkono. Mama Pacha akampa lile kubwa, akakaza. Kijiti sasa kilitaka mkono wa kufungulia. Akakizungushia waya uliokuwa umefungia ua, akausokota, ukabaki mkia mrefu. Akanyoosha mkono mara ya tatu, na koleo la kukatia likatua kiganjani, ule ubapa umeelekezwa upande unaotakiwa.

Mkono ukasita. Fundi Taratibu akageuka, akamtazama mke wake kwa muda mrefu, kama aliyemkuta anazungumza lugha ambayo hajawahi kumfundisha. Kisha akakata waya.

Msimamizi alikuwa akitazama yote, soksi zimelowa. Akaomba kuviona vifaa. Akalichukua la mdomo mrefu, akalifungua na kulifunga karibu na sikio, akalinusa.

"Hili lina mafuta ya nywele."

"Ndiyo," alisema Fundi Taratibu, ambaye ndiyo kwanza anasikia.

Akalichukua la kukatia. Akatia kidole kwenye pengo, akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeona kovu analolijua, maana naye aliwahi kuambiwa pamezimwa. Halafu akaona kitu kwenye kiungo, akakitoa kwa ukucha wake. Akakisogeza kwenye mwanga. Ulikuwa ukucha.

"Na huu?"

Fundi Taratibu akamtazama mke wake. Mke wake akatazama mawingu.

"Huo sijui," alisema Fundi Taratibu. "Nikijua nitakwambia."

Mwisho Msimamizi akaokota Kazi Zote matopeni, lenye taya moja, mpira umening'inia. Akauliza hili ni la nani. Wifi alikuwa anakamua gauni lake kwa bidii, na hakutazama upande wowote. Mama Pacha akaona jinsi swali hilo linavyoweza kumwangukia mume wake, na kazi ya hoteli ikaenda na maji.

"Langu," alisema. "Nilitoa haya matatu ya mume wangu nikapata hilo. Nilidhani ni aibu mgeni kuyaona. Tangu mchana nayatafuta. Yeye hajui. Yeye aliniambia nisiguse mkoba."

Msimamizi akageuza Kazi Zote huku na huku. Akasema mafundi wawili walikuja kwake wiki ile, wote wawili na mdudu kama huyu, na wote wawili aliwarudisha langoni. Kisha akalikabidhi kwa wifi, aliyekuwa karibu, kana kwamba ni la kutupwa, akamgeukia Fundi Taratibu.

"Jumatatu," alisema. "Uje na hayo matatu. Lakini yaoshwe."

*

Jioni ile Fundi Taratibu aliyapaka mafuta makoleo yake mezani. Hakugomba. Alisikiliza habari ya msusi, ya Mzee Karani, ya kikombe cha maji. Habari zilipofika mwisho aliuliza swali moja tu, kama Kazi Zote lilikuwa zuri kulitazama. Mama Pacha akasema, kwa uchungu wa kweli, lilikuwa zuri sana.

Alipopata mshahara wake wa kwanza wa hoteli alirudi na furushi la gazeti, akalifungua juu ya meza. Ndani kulikuwa na visu vitatu. Mama Pacha akauliza visu vitatu ni vya nini kwa mpishi mmoja mwenye mikono miwili. Mumewe akaanza kueleza. Hiki kipana ni cha nyama, uzito wake wenyewe unashuka nacho. Hiki chenye meno ni cha mkate, kinakata bila kuuponda. Na hiki kidogo... Alipoinua macho, mkewe alikuwa hajalala.

Siku chache baadaye redio ilikatika waya, na mkoba ulikuwa umebaki hotelini. Fundi Taratibu akaingia jikoni, akanyoosha mkono kwenye kile kisu kidogo amenye waya nacho.

"Kirudishe hapo," alisema Mama Pacha, ambaye alikuwa amempa mgongo anakoroga sufuria. "Hicho ni cha vitunguu."

Akakirudisha. Akauliza basi atumie kipi.

"Chukua kile cha zamani kwenye droo," alisema mkewe. "Kile ni kazi zote."

Fundi Taratibu akaenda akakichukua, akamenya waya, redio ikaimba, wakala, wakalala. Kesho yake mchana, akiwa juu ya ngazi ghorofa ya pili ya hoteli, koleo mkononi, alianza kucheka peke yake, akacheka mpaka ngazi ikatikisika, na Msimamizi akalazimika kuacha shughuli zake kuja kuishikilia.